Ekari Kumi za Marsabit: Je, Familia Yaweza Kujitegemea Huko?

*Swali: "Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi Nairobi. Tangu korona, na jinsi unga ulivyopanda bei mwaka wa 2022, mimi na mke wangu tumekuwa tukiwaza kuhamia mahali ambapo hatutamtegemea mtu: maji yetu, chakula chetu, umeme wetu wa sola. Na kila uchaguzi ukikaribia, moyo hunidunda. Rafiki ametuonyesha ekari 10 kando ya barabara kuu, kusini mwa mji wa Marsabit, karibu na Logologo. Bei ni nafuu sana, watu ni wachache na jua halikosekani. Tunataka kuchimba kisima, kufuga mbuzi na kulima. Mama yangu ana kisukari, anatumia insulini, naye tutahama naye. Muuzaji anataka arubuni kabla ya mwezi kuisha. Je, kaunti ya jangwa kama hii inafaa kwa familia inayotaka kujitegemea na kujikinga na majanga?"*

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Aliyekuwa Nairobi, Nakuru au Eldoret wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, mapema mwaka wa 2008, hahitaji kuelezwa jinsi barabara zinavyofungwa na rafu za maduka zikabaki tupu kwa siku chache tu. Kutaka watoto wako wawe na maji na chakula hata mambo yakiharibika ni busara. Ila mpango ulivyouandika, kwenye ekari hizo, jibu langu ni hapana. Nitakueleza kwa nini, kisha nikuonyeshe njia ambazo naona zina nafuu.

Tuanze na neno kaunti. Marsabit ni karibu kilomita mraba 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu wasiofika 460,000. Ndani ya eneo hilo kuna nchi kadhaa tofauti. Mlima Marsabit, wenye urefu wa mita 1,700 hivi, una msitu, una ukungu wa asubuhi na hupata mvua ya takriban milimita 800 kwa mwaka. Huko Waburji wamelima mahindi, maharagwe na tefu, nafaka yenye punje ndogo sana, kwa vizazi. Ukishuka kuelekea Logologo, Laisamis, Korr na Kargi, mvua hupungua hadi milimita 200 au 300. Ukifika jangwa la Chalbi, unakanyaga chumvi iliyoganda juu ya ardhi. Kutoka Logologo hadi mjini Marsabit kwa gari haifiki saa moja, lakini kwa mkulima hizo ni dunia mbili. Kwa hiyo usiulize kama kaunti inafaa. Uliza kama kiwanja hiki, chini ya kilima hiki, kando ya laga hii (mto wa mchanga unaotiririka msimu wa mvua tu), kinafaa.

Pia usiulize mvua ya wastani ni ngapi. Katika nchi kame wastani hukusanya miaka ya mafuriko na miaka mikavu kabisa, ukapata tarakimu ambayo haionekani katika mwaka wowote. Ardhi ya namna hii hupimwa kwa mwaka wake mbaya. Waulize wazee wa Logologo kuhusu 1984, 2000, 2011, na hasa kipindi cha kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini, na Marsabit ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Waulize maji ya kunywa walikuwa wakiyatoa wapi mwezi wa Oktoba 2022. Jibu la swali hilo moja litakufaa kuliko ramani yoyote ya mvua.

Sasa tupige hesabu ya maji, maana hapa ndipo ndoto nyingi huvunjika. Ninyi ni watu 6. Kwa lita 20 kwa kila mtu kwa siku, yaani kunywa, kupika na kuoga kwa kubana, mnahitaji lita 120 kwa siku, karibu lita 44,000 kwa mwaka. Paa la mabati la mita mraba 100, ukitoa yale yanayopotea kwenye gata na kwa kufuka, hukupa takriban lita 80 kwa kila milimita ya mvua. Logologo, mwaka wa milimita 250, utakinga lita 20,000, ambazo ni za miezi mitano na nusu. Mwaka wa milimita 100 utakinga lita 8,000, na siku 67 hazitapita kabla tangi halijakauka. Paa hilohilo ukilijenga mlimani, mwaka wa kawaida linakinga lita 64,000, zaidi ya mahitaji yenu. Hata mvua ikipungua kwa nusu, mtapata lita 32,000, karibu miezi tisa. Tofauti kati ya kuishi kwa paa na kuishi kwa kungoja boza la maji ni huko kupanda mlima.

Na hapo sijagusa mbuzi wala bustani. Mbuzi 20 watataka kama lita 80 kwa siku wakati wa jua kali. Bustani ya mboga ya mita mraba 100 kwenye joto lile hunywa karibu lita 500 kwa siku, mara nne ya mnachotumia ninyi nyote nyumbani. Wengi hufikiri watachimba silanga, yaani bwawa dogo la wazi, na kuhifadhi maji ya laga. Linaweza kusaidia, lakini jua na upepo wa kaskazini hunyanyua zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso ulio wazi. Silanga la kina cha mita mbili hukauka hata kama hakuna mnyama aliyetia mdomo. Ndiyo maana watu wa sehemu kame huyathamini sana maji yaliyojificha kwenye mchanga wa laga, ambako jua haliyafikii.

Utasema, ndiyo sababu ya kisima. Kuchimba kisima na kupata maji ni mambo mawili. Fundi atachimba mita 150 au zaidi, utamlipa kwa kila mita, na shimo laweza kutoka kavu. Likitoa maji, swali linalofuata ni kama yatadumu pampu ikifanya kazi miezi mitatu ya kiangazi mfululizo. Na yakidumu, bado hujajua kama yanafaa kunywewa. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa na nyanda za volkano zina maji yenye chumvi na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha floraidi kwenye miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekua kwa maji yanayopita kikomo hicho meno yake huwa na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi hata mifupa huharibika. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kosa hili nalisikia kila mara: kuchemsha hakuondoi floraidi wala chumvi. Maji yanavyopungua sufuriani, vitu hivyo vinazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Mitambo ya kuchuja chumvi ipo, lakini inataka umeme, inataka vichujio vya kubadilishwa, na sehemu ya maji huyatupa. Kabla ya kutoa shilingi moja ya kuchimba, chukua sampuli kwenye visima vya majirani uzipeleke maabara, kisha umwite mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi apime eneo lako. Kibali cha kuchimba hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kuhusu umeme sina wasiwasi sana. Jua lipo, na upepo ni mkali kiasi kwamba mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana umesimamisha mitambo 365 huko upande wa Loiyangalani. Sola ndogo ya nyumbani itafanya kazi vizuri. Betri ziweke kivulini, mahali penye hewa, maana joto hupunguza umri wake, na paneli zifute vumbi mara kwa mara.

Chakula kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa watu wengi wa mjini hudhani mfugaji wa kaskazini hujilisha kwa maziwa, nyama na damu bila kutegemea soko. Haiko hivyo, na haijakuwa hivyo kwa muda mrefu. Jamii za wafugaji huuza mnyama ili wanunue unga, sukari na majani ya chai. Ninyi watu 6, kwa gramu 400 za nafaka kwa kila mmoja kwa siku, mtakula karibu magunia 10 ya kilo 90 kwa mwaka. Mahindi yanahitaji mvua ya milimita 450 au zaidi iliyotawanyika vizuri katika msimu mmoja. Logologo mvua ya mwaka mzima haifiki hapo, tena imegawanyika misimu miwili. Mtama na kunde vinavumilia zaidi, lakini kwa mvua ya milimita 120 kwa msimu hata navyo vitakuangusha miaka mingi. Kwa hiyo chakula chako kitakuja kwa lori kutoka Meru, Isiolo au Moyale, na utakilipia kwa kuuza mbuzi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukame ukianza, kila mtu anauza mbuzi kwa wakati mmoja kabla hawajafa. Mbuzi wamekonda, soko limejaa, bei inaporomoka. Wakati huohuo unga unapanda, kwa sababu mavuno yamekosekana na usafiri ni ghali. Mbuzi aliyekuwa ananunua gunia zima anaweza kununua nusu yake, halafu robo. Familia haifi njaa kwa kuwa chakula kimetoweka sokoni, bali kwa kuwa walicho nacho hakinunui tena. Bei uliyoikimbia Nairobi utakutana nayo Logologo ikiwa na makali zaidi, na huna mshahara wa kuilainisha.

Wenyeji wanajuaje kuishi hapo, basi? Wanahama. Mifugo huenda kunakonyesha. Wanagawanya kundi: ngamia huku, mbuzi kule, baadhi ya wanyama kwa mkwe aliye mbali. Borana wana utaratibu uitwao busa gonofa, ambao ukoo humchangia mwanachama aliyepoteza mifugo ili aanze tena, na visima vyao vina msimamizi wa zamu anayejua nani anyweshe lini. Hayo ndiyo maandalizi ya dharura ya nchi ile, na yamefanyiwa majaribio kwa karne nyingi. Yote yanasimama juu ya undugu na uhuru wa kutembea. Ekari 10 zilizozungushiwa ua zinakunyima uhuru wa kutembea, na ugeni wako unakunyima undugu. Nakuomba ulifikirie neno lako la "kutomtegemea mtu" kwa uzito, kwa sababu hapo ndipo naona mpango umeegemea ukuta mbovu. Katika nchi kame anayekaa peke yake ndiye huanguka wa kwanza. Na watu kuwa wachache hakumaanishi kuna nafasi iliyosahaulika. Ni wachache kwa sababu maji na malisho yanatosha wachache, na mahali unapopaona patupu Februari huenda ndipo akiba ya malisho ya watu mwezi wa Septemba.

Hilo linanileta kwenye arubuni. Usilipe. Sehemu kubwa ya ardhi ya Marsabit nje ya miji ni ardhi ya jamii. Katiba, kifungu cha 63, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinasema ile ambayo haijasajiliwa serikali ya kaunti huishikilia kwa niaba ya jamii na haina ruhusa ya kuiuza. Iliyosajiliwa haiuzwi bila theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa katika jamii hiyo kukubali. Mtu mmoja, hata awe mzee anayeheshimika, hawezi kukuuzia peke yake. Hata mradi mkubwa wa upepo niliokutajia haukunusurika: Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za eneo lake zilipatikana kinyume cha sheria. Ikiwa kampuni yenye mawakili wengi ilifikia hapo, familia yako itasimama na nini? Tafuta wakili, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya Marsabit, na umwone chifu pamoja na kamati ya ardhi ya jamii. Muuzaji anayekukimbiza kabla hujafanya hayo tayari amekupa jibu.

Usalama nitausema bila kuupaka rangi. Marsabit ina watu wakarimu sana, na mchana mwingi ni mtulivu. Lakini pia ina historia ya wizi wa mifugo na mapigano ya kisiasa na ya malisho. Shambulio la Turbi la tarehe 12 Julai 2005 liliua watu zaidi ya 50, wakiwemo watoto wa shule. Mei 2022 serikali iliweka kafyu na kufanya operesheni baada ya mauaji ya mara kwa mara, yakiwemo ya maeneo ya mlimani. Kama unachokimbia ni joto la uchaguzi, fahamu kwamba ugomvi wa ukame na ugomvi wa siasa huko hukutana, na boma jipya lenye mbuzi kando ya barabara huonekana kutoka mbali.

Orodha ya majanga nayo hubadilika ukihama. Nairobi unaogopa vurugu na bei. Kule utaogopa ukame kwanza, kisha mafuriko yanayoufuata, maana ardhi iliyokauka haiwahi kunywa maji. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikata barabara kaskazini miezi michache tu baada ya ukame kuisha. Kuna nzige, kama wale wa 2020. Kuna magonjwa ya mifugo. Kuna kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchanga, ambao umewahi kulipuka Marsabit, na homa isiyoisha yenye tumbo kuvimba isichukuliwe kuwa malaria tu. Kuna nyoka. Kila moja lina maandalizi yake, na karibu yote yanakutaka uwe karibu na hospitali na barabara, si mbali navyo.

Kuhusu mama. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyofunguliwa kwa kawaida hukaa wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maelezo ya kikaratasi chake. Habari njema ni kwamba utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka wa 2021 kwa kufuata joto la kambi ya Dagahaley kule Dadaab, ulionyesha insulini inaweza kustahimili mabadiliko ya kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Chungu cha udongo chenye mchanga mbichi hupoza vizuri katika hewa kavu. Tatizo kubwa litakuwa kuipata. Barabara ikifungwa wiki tatu, au zahanati ya karibu ikiishiwa, mama hana nafasi ya kungoja. Na siku ya joto kali, sukari ikipanda mwili hupoteza maji upesi sana.

Kwa hiyo mfanye nini? Mngekuwa ndugu zangu wa damu, ningewaambia mwanze mlipo. Akiba ya miezi mitatu ya nafaka na kunde kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ikiwa imekauka sawasawa ili isiote sumukuvu. Tangi la lita 5,000 kama mna nafasi. Akiba ya dawa za mama kwa makubaliano na kliniki yake. Na nyumba ya ndugu mashambani ambako mnakaribishwa kweli, mmeshafika mara nyingi, watoto wanajulikana kwa majina. Hayo yatawakinga na mengi ya yale mnayoyaogopa, kwa gharama ndogo kuliko shimo moja kavu la kisima.

Mkiitaka ardhi, angalieni Makueni na Kitui kabla ya Marsabit. Nako ni kukame, na ukame huuma, lakini watu wamejenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazozuia mchanga na maji yake kwenye mito ya msimu, kwa miongo mingi, kunde, pojo na mbaazi zinajulikana, maembe yanazaa, na sehemu nyingi zina hati za mtu binafsi zinazoweza kupekuliwa.

Na kama ni Marsabit iliyowaita, sitawazuia, maana ni nchi ninayoipenda. Ila pangeni nyumba mlimani, mjini au karibu, mwaka mzima, na hakikisheni mwaka huo una kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndani yake. Mwe na kazi au biashara inayoleta pesa isiyotegemea mvua. Wekeni mbuzi wachache kwa makubaliano na mfugaji mwenyeji, mjifunze kwake, naye afaidike. Someni kila mwezi taarifa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame kuhusu Marsabit, inayosema kama kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura, pamoja na bei ya mbuzi na mahindi. Bima ya mifugo inayolipa kwa kupimwa hali ya malisho kwa setilaiti ilianza Marsabit mwaka wa 2010. Ulizeni ofisi ya mifugo kama inapatikana mwaka mtakaofika.

Mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi ni haya: maji yaliyo chini ya kiwanja, uhalali wa hati, na mwili wa mama. La kwanza ni la mpimaji wa maji na maabara, la pili ni la wakili na ofisi ya ardhi. La tatu ni la daktari wake wa kisukari, na mmwone pamoja kabla ya hata safari ya kwenda kuangalia: apimwe figo, awaeleze dalili za kukaukiwa maji na kiasi cha insulini cha kusafiri nacho. Na kama hofu ya uchaguzi inakunyima usingizi au inakufanya uamue mambo makubwa kwa haraka, zungumza na mshauri wa saikolojia kabla hujauza chochote.